Mkupuo na Pensheni: Jinsi Mifuko ya Hifadhi ya Jamii Ilivyojenga Maoni ya Wafanyakazi

Mvutano kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya hesabu inayotumika kupata mafao ya mfanyakazi anapostaafu, umekuwa ukirudi katika siasa za Tanzania tangu mwaka 2018, na kila unaporudi huelezwa ama kama ubahili wa serikali ama kama uelewa mdogo wa wafanyakazi. Maelezo yote mawili ni mepesi mno. Maoni ya umma kuhusu bima ya jamii, kwa maana ya mpango wa lazima unaochangiwa na wafanyakazi na waajiri ili kuwakinga wachangiaji dhidi ya uzee, ulemavu, maradhi au kifo cha mlezi wa familia, hayazuki hivi hivi. Hujengwa taratibu na muundo wa mpango wenyewe, kwa kuwa namna fedha zinavyokatwa na zinavyolipwa ndiyo inayomfundisha mwananchi nini ni chake na nini ni cha wote. Nchini Tanzania somo hilo lilianza kufundishwa mwaka 1964, ingawa mizizi yake imetoka mbali zaidi.

Mpango wa kwanza wa kitaifa haukuletwa na madai ya wananchi. Nchini Ujerumani, Kansela Otto von Bismarck alipitisha sheria ya bima ya maradhi mwaka 1883, ya ajali kazini mwaka 1884, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889, akikusudia kuwavuta wafanyakazi kutoka katika chama cha kisoshalisti, ambacho shughuli zake alikwisha kuzipiga marufuku mwaka 1878. Wabunge wa chama hicho walizipinga sheria hizo, wafanyakazi wakaendelea kukipigia kura, na katika uchaguzi wa mwaka 1890 kikapata kura nyingi kuliko chama kingine chochote. Bismarck hakupata shukrani aliyoitarajia, lakini bima zake zilibaki, na baada ya muda wasoshalisti wenyewe wakawa miongoni mwa watetezi wake wakubwa.

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti, kwa sababu huko shinikizo la umma lilikuwapo kabla ya sheria. Katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, daktari mmoja wa California, Francis Townsend, alipendekeza kila mtu aliyefikia miaka 60 alipwe hadi dola 200 kwa mwezi kwa sharti la kuzitumia zote ndani ya siku 30, na mamilioni ya wazee wakajiunga na vilabu vya kumuunga mkono. Rais Franklin Roosevelt hakuchukua mpango huo. Sheria aliyoitia saini tarehe 14 Agosti 1935 iliweka makato ya asilimia 1 ya mshahara kwa mfanyakazi na asilimia 1 kwa mwajiri kuanzia mwaka 1937, ikawaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, ambao katika majimbo ya kusini wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Wachumi walimlaumu kwa kuwakata fedha wafanyakazi katikati ya dhiki, naye alijibu kwamba makato yale yalikuwa ya kisiasa tangu mwanzo: mtu aliyechangia huona ana haki ya kulipwa, na hakuna mwanasiasa atakayethubutu kumnyang'anya.

Hesabu hiyo ya kisiasa ilikuwa sahihi kuliko hesabu ya fedha yenyewe. Ida May Fuller wa Vermont, mtu wa kwanza kupokea pensheni ya kila mwezi mwaka 1940, alikuwa amechangia dola 24.75 tu, na hundi yake ya kwanza ilikuwa ya dola 22.54. Kwa kuwa aliishi hadi miaka 100, alilipwa jumla ya dola zaidi ya 22,000, ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka katika makato ya wafanyakazi waliomfuata. Huo ndio utaratibu wa bima, ambapo wanaofanya kazi huwalipia waliostaafu na wanaofariki mapema huwafidia wanaoishi muda mrefu. Hata hivyo, Wamarekani wengi waliendelea kuuona mchango wao kama fedha yao iliyowekwa mahali fulani kwa jina lao, na dhana hiyo, ambayo kihesabu si sahihi, imeulinda mpango ule kuliko hoja yoyote ya kitaalamu. Alf Landon, mpinzani wa Roosevelt katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1936, aliushambulia akaambulia majimbo mawili tu, na Rais George W. Bush alipotaka mwaka 2005 sehemu ya makato iingizwe katika akaunti binafsi, pendekezo lake lilififia bila hata kupigiwa kura bungeni.

Afrika Mashariki ilipata kitu kingine. Wabelgiji waliweka katika Kongo na Ruanda-Urundi, katikati ya miaka ya 1950, pensheni za bima kwa wafanyakazi, na kwa hiyo Rwanda na Burundi zilipata uhuru zikiwa tayari zina mazoea ya malipo ya kila mwezi. Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, utaratibu uliopendelewa ulikuwa mfuko wa akiba, ambao ni rahisi kuuendesha: kila mwanachama ana akaunti yake, mchango wake na wa mwajiri huingia humo pamoja na riba, na anapofikia umri wa kustaafu hukabidhiwa fedha zote kwa mkupuo, yaani mara moja, kisha uhusiano wake na mfuko hukoma. Tanganyika ilianzisha mfuko wa namna hiyo, NPF, mwaka 1964, na Kenya ikaanzisha NSSF yake mwaka 1965.

Katika mfuko wa akiba, dhana ya fedha yangu si dhana tu bali ni maelezo sahihi ya sheria. Vizazi viwili vya wafanyakazi wa viwandani, bandarini na mashambani viliishi na kanuni hiyo, vikapanga maisha kwa kuitegemea: mkupuo ndio uliomalizia nyumba, uliolipa madeni, ulionunua ng'ombe au mashine ya kusaga ya kuanzia maisha kijijini. Udhaifu wake ulijitokeza katika miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipokaribia asilimia 30 kwa mwaka na akiba ya miaka mingi ikayeyuka ndani ya vitabu vya mfuko kabla mwenyewe hajaigusa. Wataalamu walijifunza kutokana na hali hiyo kwamba akiba haitoshi na kwamba inahitajika pensheni ya maisha. Wafanyakazi walijifunza jambo jingine, kwamba fedha inayokaa mikononi mwa serikali hupungua thamani, na heri uichukue mapema.

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria iliyoigeuza NPF kuwa NSSF, mfuko wa bima unaolipa pensheni ya kila mwezi kwa mwanachama aliyetimiza umri wa kustaafu na michango ya miezi 180. Kwa watumishi wa serikali mabadiliko yalikuwa ya upande mwingine, kwa kuwa hadi mwaka 1999 walikuwa wakilipwa pensheni na Hazina bila kuchangia chochote, na ndipo ukaundwa mfuko wa PSPF na makato yakaanza. Muundo ulibadilika, lakini mlango mmoja wa zamani ulibaki wazi: mwanachama aliyepoteza au kuacha kazi aliweza kuchukua michango yake, utaratibu uliojulikana kama fao la kujitoa. Kitaalamu fao hilo huidhoofisha bima, kwani mtu hujitoa akiwa kijana na kuufikia uzee bila pensheni. Machoni mwa wachangiaji lilikuwa uthibitisho wa mwisho kwamba fedha bado ni zao.

Serikali ilipojaribu kuufunga mlango huo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2012, upinzani ulikuwa mkali hasa migodini, ambako mikataba ni mifupi, kazi ni ya kutumia mwili, na kumwambia mchimbaji wa miaka 35 asubiri hadi afikishe 55 lilikuwa jambo gumu kulieleza. Serikali ilirudi nyuma. Katika sheria za mwaka 2018 badiliko lilirudi kwa sura nyingine, likiwa ni fao la kukosa ajira, ambalo hulipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita.

Mwaka huo huo mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni moja ikawekwa kwa wote. Mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye wastani wa mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, anatosha kuonyesha kilichotokea. Chini ya kanuni ya PSPF na LAPF, miezi yake iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka, ikapatikana pensheni kamili ya shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake, ikizidishwa kwa 15.5, ilitoa mkupuo wa shilingi 62,000,000, na nusu iliyobaki ilimpa shilingi 333,000 hivi kila mwezi. Kanuni mpya iligawanya kwa 580, ikazidisha kwa 12.5, na kuruhusu mkupuo wa robo tu, kwa hiyo mtumishi yule angepata mkupuo wa shilingi milioni 23.3 hivi na pensheni ya shilingi 465,500 hivi kwa mwezi.

Maofisa walisisitiza kwamba mfanyakazi hapotezi, bali sehemu kubwa ya fedha inahamishiwa katika pensheni ya kila mwezi. Hilo lilikuwa kweli kwa nusu tu. Ongezeko la shilingi 132,000 hivi kwa mwezi lingechukua zaidi ya miaka 24 kurudisha milioni 38.7 zilizopungua kwenye mkupuo, na mtu anayestaafu akiwa na miaka 60 angesubiri hadi apite 84, ilhali kile kipimo cha 12.5 chenyewe hufafanuliwa kama makadirio ya miaka ya kuishi baada ya kustaafu. Kama kingebadilishwa kiwango cha mkupuo peke yake, kutoka nusu hadi robo, muda huo ungekuwa miaka 15 na nusu. Katika kanuni moja yalifungwa mambo mawili, kubadilisha namna ya kulipa na kupunguza kinacholipwa, na walimu waliokaa na kalamu zao waliliona hilo bila kuhitaji semina.

Upunguzaji huo ulikuwa na sababu. PSPF ilibeba pensheni za watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999, ambao hawakuwa wamechangia, na deni hilo la serikali lilikaa miaka mingi bila kulipwa hadi mwishoni mwa mwaka 2021, ilipotolewa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mfuko ulielemewa, basi, lakini si wanachama walioshindwa kulipa sehemu yao, na ni vigumu kuona kwa nini wao ndio waanze kupunguziwa.

Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akasimamisha kanuni mpya na kuagiza zile za zamani zitumike hadi mwaka 2023. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza chini ya miaka miwili. Kuanzia Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote, hatua iliyokuwa nyongeza kwa wanachama wa NSSF na iliyokuwa PPF, waliozoea asilimia 25, na pigo kwa waliotoka PSPF na LAPF, ambao walizoea 50. Katika bajeti ya Juni 2024 viwango vilitenganishwa tena, asilimia 40 kwa waliokuwa na 50, na 35 kwa waliokuwa na 25. Vikokotoo hivi viwili katika nchi moja havina mantiki ya kitaalamu, bali vinaonyesha kwamba kila kundi bado lilipima haki yake kwa ahadi ya kwanza lililopewa.

Kenya iliufikia mkwamo wa aina hiyo kupitia mahakama. Sheria ya mwaka 2013 iliyotaka kuigeuza NSSF ya Kenya kutoka mfuko wa akiba kuwa wa pensheni ilizuiwa kwa kesi kwa karibu miaka kumi, hadi uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Februari 2023, na muda wote huo wafanyakazi walikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi.

Wakulima, wavuvi, mama lishe na waendesha bodaboda, ambao ndio wengi, kwa kiasi kikubwa wamebaki nje ya mabishano haya yote, kwa kuwa hawana mwajiri wa kuwakata wala chama cha kuwapeleka Ikulu. Zanzibar ndiyo iliyowafikia kwa njia tofauti: tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni ya kila mwezi isiyotegemea mchango wowote, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee wa Makunduchi au wa Micheweni hawezi kusema fedha hiyo aliiweka yeye, wala hana kanuni ya kuikokotoa nyumbani. Kiasi chake hupangwa katika bajeti, na kinachompa haki ya kulipwa ni umri wake.