Chai ya Asubuhi Mgahawani Ngaramtoni

Wasomaji wetu waliopata kufika Ngaramtoni siku ya soko, hapo barabara itokayo Arusha kwenda Namanga ipitapo chini ya Mlima Meru, wanajua kuwa kazi ya kwanza ya asubuhi si kuuza wala kununua, bali ni kunywa chai. Baridi ya mlima ni kali, hasa mwezi wa Juni na Julai, na mtu aliyeshuka kutoka vijiji vya juu na mzigo wake hutafuta kwanza mgahawa mdogo wenye mabenchi na meza mbili tatu, apate kushika kikombe cha moto kwa mikono miwili. Huletewa chai ya maziwa na chapati au maandazi. Mwenye fedha zaidi huongeza yai au supu. Hunywa polepole na kuuliza bei za siku ile. Twakiri kuwa hatuijui raha nyingine ya fedha kidogo ipitayo hii.

Lakini desturi hii si ya kale kwetu. Wazee wa Waarusha walikuwa na maziwa, nyama, mahindi na ndizi, chai haikuwamo. Leo neno hilo limekuwa jina la chakula chenyewe, hata mtu akiambiwa asubuhi, "Karibu chai," hujua kuwa ameitwa kula.

Waingereza nao, ambao wengi hudhani kuwa walizaliwa na vikombe mikononi, waliipokea kutoka kwa wengine. Chai ni ya Wachina. Ilipofika Uingereza katika karne ya kumi na saba ilikuwa kinywaji cha matajiri, na Malkia Catherine, Mreno aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1662, aliitia heshima katika jumba la mfalme. Maskini hawakuipata kwa halali ila kwa shida, maana kodi yake ilikuwa kubwa kupita kiasi na wengi waliinunua kwa wafanya magendo. Mwaka 1784 kodi ile ilipunguzwa sana, na tangu hapo chai ikaingia katika kila nyumba.

Migahawa midogo ya chai ilikuja baadaye. Mwaka 1864 kampuni moja ya mikate ya London ilianza kuuza chai katika duka lake, na mwaka 1894 kampuni ya Lyons ikafungua duka la chai katika njia ya Piccadilly. Maduka ya namna hiyo yakaenea kila mji. Faida yake haikuwa chai peke yake: mwanamke wa heshima, ambaye hapo kale hakuweza kuingia peke yake mahali pa pombe, alipata mahali pa kukaa na kula bila kusemwa. Maduka ya Lyons hayapo tena, lakini migahawa midogo ya Waingereza ingaliko, na ndani yake utapewa mayai, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, soseji, maharage, mkate uliochomwa, na birika la chai.

Kwetu desturi ya kunywa chai asubuhi na alasiri ilikuja na watawala, lakini sufuria ilikuja na Wahindi. Wao ndio waliotuonyesha kupika majani pamoja na maziwa na viungo, na chapati ni yao pia. Kilimo chenyewe kilianza kwa majaribio ya Wajerumani, huko Amani mwaka 1902 na Rungwe mwaka 1904, na chai ya biashara ikaanza kupatikana mwaka 1926. (Ni ajabu kidogo kuwa neno mgahawa latokana na kahawa. Miteremko ya Meru imejaa mibuni, na mwenye mibuni huuza kahawa yake nchi za mbali, kisha huenda mgahawani kunywa chai.)

Sasa tueleze tofauti ya kupika, maana walimu wengine huwaambia wanafunzi kuwa njia ya Kiingereza ndiyo njia sahihi, na yetu ni ya kubahatisha. Sivyo.

Mwingereza hupasha birika moto, hutia majani, humimina maji yanayochemka, hufunika, hungoja dakika tatu mpaka tano. Maziwa huyatia baridi, kikombeni. Njia hii yafaa kwake kwa sababu mbili. Kwanza, nchi yake kwa sehemu kubwa ni ya chini, na maji huchemka karibu na digrii 100. Katika nchi yenye kimo cha meta 1,500 hivi, kama hii ya kwetu, maji huchemka kwenye digrii 95 tu, na yakimiminwa katika birika hupoa zaidi. Kwa hiyo majani hutoa rangi na nguvu polepole. Sufuria iliyo juu ya moto haina shida hiyo. Pili, maziwa ya dukani kwake yamekwisha kupashwa moto kiwandani ili kuua vijidudu. Kabla ya kazi hiyo kuenea, watoto wengi wa Uingereza walikufa kwa kifua kikuu walichokipata katika maziwa ya ng'ombe.

Hapa kwetu maziwa mengi hutoka zizini moja kwa moja, na yanaweza kuwa na kifua kikuu, au ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe kutupa mimba na kuwapa watu homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Chai iliyochemshwa pamoja na maziwa huua vijidudu hivyo. Basi anayeiga Uingereza kwa kumimina maziwa mabichi katika chai ya rangi amechukua adabu ya meza na kuacha kinga yake. Wenye migahawa tunawaomba waache maziwa yachemke sawasawa, yapande na kushuka, wala wasiridhike kwa kuwa yamepata moto. Majani yatiwe mwishoni, kwa kuwa yakichemka mno chai huwa chungu.

Jambo moja halisaidiwi na moto hata kidogo, nalo ni maji. Mlima Meru ni mlima wa volkano, na maji ya chemchemi na mito yake mingi hupita katika mawe yenye madini ya floridi. Kiasi kinachokubaliwa katika maji ya kunywa hakizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Maji ya sehemu nyingi za Meru hupita kiasi hicho mara kadhaa. Floridi haina rangi wala harufu wala ladha. Wengine hudhani yaonekana, kwa sababu ya mto uitwao Maji ya Chai ulioko mashariki ya Arusha, lakini jina lile ni la rangi tu, na maji meupe kabisa yaweza kuwa mabaya. Ukiyachemsha, maji hupungua na floridi hubaki, hata huzidi kukolea. Tena majani ya chai yenyewe yana floridi, hasa majani makuukuu yauzwayo kwa bei ndogo.

Ajuaye madhara yake na atazame meno ya wenyeji: meno yenye rangi ya kahawia, ambayo vijana huficha kwa mkono wanapocheka. Huharibika utotoni, yanapoumbika ndani ya ufizi, wala hayasafishiki baadaye. Mahali pengine mifupa ya miguu nayo hupinda.

Kwa hiyo mtoto aliye chini ya miaka minane asizoeshwe chai ya rangi, ambayo ni maji na majani tu. Apewe maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe huwa na floridi kidogo sana hata kama ng'ombe mwenyewe hunywa maji ya mlima. Maji ya mvua nayo yana floridi kidogo sana. Tangi chini ya bati la shule au la mgahawa litatosha kwa sufuria ya asubuhi kwa miezi kadhaa. Mvua zikikoma, kuna vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa namna maalumu, vilivyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto; mifupa yake ibadilishwe inapochoka. Viongozi wa vijiji wanaweza kupeleka maji ya kila chemchemi yakapimwe, na mwenye mgahawa ana haki ya kuuliza maji anayoletewa kwa madumu yametekwa wapi.