Laini Ikitengemaa, Turudi Lini?

Msikilizaji mmoja wa Kikwajuni, mwenye ofisi ya kukata tiketi za boti pale Malindi, ameniletea suali ambalo nimeona linafaa kujibiwa hewani. Ofisi yake ina laini mbili za intaneti: moja ya faiba, ambayo ndiyo kuu, na nyingine ya akiba, inayopita kwenye minara ya simu. Faiba ilipokatika, kazi ilihamia kwenye akiba hata wateja wasitambue. Lakini taa ya faiba ilipowaka tena, ruta ilikataa kurudi. Iliendelea kula akiba kwa dakika tano nzima, na akiba hiyo hulipiwa kwa kadiri inavyotumika. Anauliza: je, fundi wangu amefanya uzembe?

Hapana. Fundi huyo amefanya kazi yake.

Ndugu msikilizaji, sisi wa Unguja tulisomeshwa jambo hili na umeme kabla ya intaneti. Mwaka 2008 njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari ilipata hitilafu, tukakaa kizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii tulingoja mpaka Machi 2010. Mwenye jenereta iliyofungiwa swichi ya kujigeuza yenyewe anajua tabia yake. Umeme ukikatika, swichi haina hiari, huwasha jenereta pale pale. Umeme ukirudi, swichi haikimbilii. Husubiri dakika kadhaa ione kama umeme umetulia, ndipo irudishe nyumba kwenye laini ya shirika. Mafriji ya Mji Mkongwe yaliyoungua kwa umeme unaorudi na kuondoka mara tatu ndani ya dakika moja yangekuwa na ulimi, yangeieleza faida ya kusubiri huko kuliko mimi.

Intaneti nayo ni vivyo hivyo. Kuondoka kwenye laini mbovu ni lazima, lakini kurudi kwenye laini iliyopona ni jambo la kuchagua, na kila kuhama kuna gharama yake. Abiria aliye katikati ya kulipa anajulikana huko benki kwa anwani ya laini aliyoanzia. Laini mbili zikiwa za makampuni mawili, kazi ikihama anwani hubadilika, mazungumzo na benki hukatika, na abiria huanza upya huku akijiuliza kama pesa zake zimekwishakatwa. Kuhama mara moja kunavumilika. Faiba inayoyumba, iliyounganishwa na ruta isiyosubiri, humhamisha abiria huyo mara kumi kwa saa. Hapo ni afadhali ofisi ingekuwa na laini moja mbovu kuliko mbili.

Ndiyo maana mafundi wameweka kanuni. Katika mitandao ya faiba iliyofungwa kwa mzunguko, kanuni ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, iitwayo G.8032, inalenga njia ihamishwe ndani ya milisekunde 50, ambayo ni chini ya kupepesa jicho. Kurudi ni dakika 5, isipokuwa fundi apange vingine. Tazama tofauti hiyo!

Kati ya makampuni makubwa ya intaneti kulibuniwa hata adhabu, katika kanuni iliyoandikwa mwaka 1998. Katika ruta za aina moja maarufu, njia ikianguka mara moja hupewa alama 1000. Alama zikipita 2000, njia hiyo hufungiwa. Alama hupungua kwa nusu kila dakika 15, na zikishuka chini ya 750 njia husamehewa. Kwa hiyo njia iliyoanguka mara tatu mfululizo huwa na alama 3000, na hukaa kifungoni kama nusu saa. Adhabu hiyo ilizidi ukali. Mwaka 2006 jumuiya ya watoa huduma wa Ulaya, RIPE, ilishauri iachwe, kwa sababu anguko moja tu, khabari zake zikisambaa kwa njia nyingi, lilihesabiwa kama maanguko mengi na wasio na kosa wakafungiwa. Mwaka 2013 wakashauri irudi, lakini kwa kiwango cha juu zaidi. Hata wataalamu, basi, wamebishana juu ya muda wa kusubiri.

Mimi naona muda si suala kubwa kuliko suala la kupima. Ruta ijue vipi kwamba njia imepona? Ruta nyingi za maofisini hutazama taa tu: waya una uhai, basi twende. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini mwa pwani hii ya Afrika Mashariki, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Waya wa kutoka Malindi hadi mtaa wa pili haukuwa na kosa lolote siku ile. Ruta inayotazama taa ingeona kila kitu ni salama, ikamwaga kazi zote kwenye njia iliyozibwa mamia ya maili mbele. Na aliyedhani ana akiba kwa sababu ana makampuni mawili, huenda aligundua kuwa yote mawili yanapita baharini kwa njia moja.

Kuna pia wanaoamua ruta isirudi yenyewe kabisa, ikae kwenye akiba mpaka fundi aamue. Kwa hospitali naiunga mkono rai hiyo: warudi saa tisa za usiku, wakati wanaokatikiwa ni wachache. Kwa ofisi ya tiketi ni ghali, khasa fundi akisahau, maana wengine hutambua bili inapofika mwisho wa mwezi. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Ila msikilizaji wangu wa Kikwajuni amuulize fundi wake jambo moja: katika dakika hizo tano ruta inapima hadi wapi? Ikiwa inapima kisanduku cha ukutani tu, dakika hizo zinapita bure. Ipime hadi kwenye mashine inayopokea malipo ya abiria, tena mara nyingi mfululizo, na kipimo kimoja kikishindwa, hesabu ya dakika ianze upya.