Stima Ikikatika Nyumbani: Tafuta Chanzo Kwanza

Kila mkulima wa Matiliku anajua jambo hili: mvua ikibomoa tuta la fanya juu, haitoshi kuziba pale palipobomoka. Hana budi kupanda juu ya shamba aone maji yametoka wapi. Akiziba bila kutazama, mvua ya pili italibomoa tena, na udongo mzuri utakwenda mtoni.

Hitilafu ya stima nyumbani ni vivyo hivyo. Swichi iliyojikata, au fyuzi iliyoungua, si ugonjwa wenyewe bali ni dalili tu. Mwaka 2015 Serikali ilianza mradi wa Last Mile, wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, na tangu hapo stima imeingia katika nyumba nyingi za mashambani. Lakini baadhi ya watu wana desturi mbaya ya kurudisha swichi kwa nguvu, au kufunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi. Kufanya hivyo ni kumfunga mdomo mbwa anayebweka wakati mwizi yumo nyumbani. Waya za ukutani hupata moto, na nyumba huungua watu wamelala.

Basi, fuata mpango huu.

KWANZA: HITILAFU IKO NJE AU NDANI?

Tazama mita. Ikiwa ni ya tokeni, huenda tokeni zimekwisha. Kisha tazama kwa jirani. Kama naye yuko gizani, hitilafu iko kwenye laini au transfoma, na hiyo ni kazi ya Kenya Power. Wapigie simu kwa nambari 97771. Usishangae jirani mmoja akiwa na stima na mwingine hana, maana nyumba hugawanywa katika waya tofauti za transfoma moja, na waya mmoja waweza kukatika peke yake.

Iko dalili moja ya nje isiyongoja: taa zikiwaka ghafula kwa ukali usio wa kawaida na balbu kuungua moja baada ya nyingine. Huenda waya wa kurudisha stima umekatika huko kwenye laini, na volti nyumbani mwako zimepita zile 240 za kawaida. Zima swichi kuu mara moja, ndipo upige simu.

PILI: IJUE SWICHI YA USALAMA

Katika sanduku la swichi, nyumba iliyofungwa vizuri ina swichi moja yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Kazi yake ni kama ya mchungaji anayehesabu mbuzi. Hupima stima inayotoka kwa waya mmoja, na inayorudi kwa waya wa pili. Ikiwa imepungua, maana yake kiasi fulani kimepotea njiani, kupitia ukuta wenye maji, chombo kibovu, au mwili wa mtu. Nyingi hukata upungufu ukifika milliampea 30, na hukata upesi kuliko kufumba na kufumbua macho.

Kila miezi mitatu bonyeza kitufe hicho. Swichi isipoanguka, ni mbovu. Mwite fundi.

TATU: JINSI YA KUTAFUTA

Swichi ya usalama ikianguka, usianze kubahatisha. Kausha mikono, vaa viatu, kisha ufanye hivi:

1. Ng'oa plagi zote za nyumba. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa kuwa chombo kibovu chaweza kuleta hitilafu hata kikiwa kimezimwa.

2. Shusha swichi ndogo zote katika sanduku, kisha inua ile ya usalama. Ikikataa kusimama, acha hapo. Hitilafu iko katika waya au katika swichi yenyewe, na ni kazi ya fundi.

3. Ikisimama, inua swichi ndogo moja moja. Itakayoiangusha ile ya usalama ndiyo yenye njia mbovu. Iache chini. Nyingine zaweza kutumika.

4. Kama zote zimesimama, rudisha plagi moja moja. Chombo kitakachoangusha swichi ndicho chenye kosa. Kiweke kando, na usikijaribu tena katika soketi nyingine.

Kazi hii huchukua muda mfupi, nayo yaweza kukupunguzia gharama, kwa sababu utamwambia fundi mahali penyewe badala ya kumlipa atafute nyumba nzima.

NNE: MZIGO KUPITA KIASI

Kama si swichi ya usalama iliyoanguka bali ni swichi ndogo moja, au fyuzi ya plagi imeungua, fanya hesabu. Gawanya wati za vyombo kwa volti 240. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500 ni wati 3,500, yaani karibu ampea 15. Vyote viwili vikiwa kwenye waya mmoja wa nyongeza wenye plagi ya ampea 13, umeupita uwezo wake. Dawa yake si fyuzi kubwa zaidi, bali ni kupunguza mzigo. Na fyuzi ya redio iwe ya ampea 3, si 13.

TANO: HATARI AMBAYO SWICHI HAIIONI

Waya uliolegea kwenye soketi hupata moto pole pole, wala swichi yo yote yaweza isianguke. Hapo tumia macho, pua na masikio. Soketi iliyogeuka rangi kuwa kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, mlio kama wa mafuta kikaangoni, taa inayofifia na kurudi: zote ni dalili za kiungo kilicholegea. Usiitumie sehemu hiyo tena mpaka ifunguliwe na kukazwa.

SITA: MVUA NA KIANGAZI

Swichi ikianguka kila mvua ya Novemba inaponyesha, na kutulia jua likitoka, chanzo karibu hakika ni maji. Chunguza kwa macho taa ya nje, waya uendao kwenye nyumba ya kuku, na viungo vilivyofungwa kwa utepe tu.

Kiangazi nacho kina ubaya wake. Waya wa ardhini huunganishwa na fimbo ya chuma iliyopigiliwa udongoni. Udongo wetu ukikauka kabisa, fimbo haipitishi stima vizuri. Tuseme ukinzani umefika ohmu 100. Gawanya 240 kwa 100, utapata ampea 2.4 tu. Fyuzi ya ampea 13 haitaungua kamwe, na bati la friji litabaki na stima likimngoja mtoto asiye na viatu. Kwa hiyo katika nchi kavu kama hii, swichi ya usalama si anasa. Ukisikia hata mtekenyo mdogo unapogusa chombo au bomba, zima swichi kuu, na fundi aje apime fimbo kwa chombo chake. Kumwagia maji kwaweza kusaidia kwa muda, lakini kunaficha tatizo.

KAZI YAKO INAISHIA WAPI

Kutazama, kunusa, kuhesabu, kung'oa plagi na kuinua swichi ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua soketi au sanduku ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Kugusa mita, nguzo au waya ulioanguka njiani si kazi yako wala ya fundi wako, bali ni ya Kenya Power peke yao.

Na mtu akinaswa na stima ya nyumbani, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama iko mbali, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu.

Waonyeshe haya wote wa nyumbani, hasa watoto, na kila mmoja ajue swichi kuu iko wapi, hata gizani.