Kigari, Mstari na Skripti: Istilahi za Kuhamisha Amri Baina ya Mifumo ya Kompyuta

Utangulizi

Wafasiri na walimu hutuomba mara kwa mara neno moja la Kiswahili litakaloshika mahali pa neno moja la kigeni. Ombi hilo si jepesi kama lionekanavyo, kwani neno haliwezi kuundwa vizuri kabla ya jambo lenyewe kueleweka. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja la fani ya kompyuta: kwa nini skripti iliyoandikwa katika mfumo mmoja wa uendeshaji hukataa kufanya kazi katika mfumo mwingine. Baada ya hapo tutapendekeza istilahi.

Maana ya skripti

Skripti ni faili ya maandishi ya kawaida yenye orodha ya amri. Kompyuta haizitekelezi amri hizo moja kwa moja, bali huzipitisha kwa programu nyingine inayosoma amri ya kwanza, ikaitekeleza, kisha ikaendelea na ya pili. Baadhi ya wafasiri wameiita programu hiyo "mfasiri". Sisi hatuafiki. Mfasiri hukamilisha kitabu kizima kabla msomaji hajakipokea, na mfano wake katika kompyuta ni ile programu inayogeuza maandishi yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kazi kuanza. Programu ya skripti yafanana zaidi na mkalimani mkutanoni, ambaye hueleza maneno papo hapo.

Skripti yenyewe wengine wameiita "hati", na wengine "mswada". Lakini hati ni barua, cheti, na hata mwandiko. Na mswada ni wa kitabu au wa sheria. Kuyaongezea maneno hayo mzigo mwingine ni kumtatiza msomaji. Hapa utohozi wafaa zaidi.

Asili ya tatizo

Waliopata kutumia taipureta watakumbuka kwamba kila mwisho wa mstari ulidai vitendo viwili: kukirudisha kigari mwanzo, na kuisogeza karatasi juu kwa nafasi ya mstari mmoja. Katika mitambo ya teleprinta kila kitendo kilikuwa na alama yake. Utaratibu wa alama uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikipa kitendo cha kurudisha kigari namba 13, na cha kusogeza mstari namba 10.

Wabunifu wa mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, waliona alama ya 10 peke yake inatosha. MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, ilitumia zote mbili, 13 kisha 10, na Windows ikarithi desturi hiyo. Macintosh ya mwaka 1984 ilitumia 13 peke yake, hadi Mac OS X ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya misingi ya Unix, ilipoichukua 10. Kwa hiyo kigari kilichokwisha kutoweka mezani kimebaki ndani ya mafaili yetu, wala hakionekani kwenye kioo.

Katika Unix na jamaa zake, kama vile Linux, mstari wa kwanza wa skripti huanza kwa alama #! na kufuatwa na mahali ilipo programu ya kuisoma, kwa mfano #!/bin/sh. Skripti ikiwa imehifadhiwa kwa desturi ya Windows, alama ya 13 hubaki mwishoni mwa mstari huo. Linux huihesabu kuwa sehemu ya jina, ikatafuta programu iitwayo "sh" pamoja na alama isiyoonekana. Programu hiyo haipo, kazi hukwama.

Ni kipi kisichopatikana?

Hapa ndipo mfasiri anapohusika. Katika baadhi ya mifumo ujumbe unaotokea hutaja jina la skripti, kisha husema kwa Kiingereza kwamba haikupatikana. Mwanafunzi huitazama skripti mbele yake, akaitafuta tena, akadhani kompyuta ni mbovu. Kiingereza chaweza kuficha ni kipi kisichopatikana. Kiswahili hakiwezi, kwa kuwa kitenzi lazima kipatane na nomino yake. Mfasiri akiandika "haipatikani", msomaji ataelewa kuwa ni skripti. Amepotoshwa, na saa nzima ya kazi yaweza kupotea.

Lugha yetu huviweka vifaa vingi katika ngeli ya KI-VI: kinasa sauti, kipaza sauti, kikokotoo. Kwa kufuata njia hiyo twapendekeza "kikalimani". Hapo ujumbe uliofasiriwa vyema utasema: "kikalimani hakipatikani". Upatanisho wenyewe unaonyesha mahali pa kutazama.

Tofauti nyingine

Kwa Linux, "Barua" na "barua" ni majina mawili ya mafaili. Kwa Windows na macOS, kwa kawaida, ni moja. Unix hutenganisha majina ya njia kwa mkwaju /, ilhali desturi ya Windows ni \. Hata jina "sh" halina maana moja: tangu mwaka 2006 Ubuntu imelielekeza kwenye dash, isiyozikubali baadhi ya amri za bash. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kiliwekwa ili kupunguza tofauti kati ya mifumo ya jamii ya Unix. Mwandishi anayejifunga na amri za kiwango hicho, akahifadhi faili kwa alama ya 10, na kuijaribu kazi yake katika kila mfumo, atajiepusha na usumbufu mwingi. Faili iliyokwisha haribika yaweza kusafishwa kwa programu ya dos2unix.

Hitimisho

Twapendekeza basi: "skripti" kwa faili ya amri; "kikalimani" kwa programu inayoisoma; "kirudisha kigari" kwa alama ya 13; "kisogeza mstari" kwa alama ya 10; na "uhamishikaji" kwa sifa ya skripti kufanya kazi katika mifumo mbalimbali. Wenye mapendekezo bora zaidi na watuandikie. Tunachosisitiza ni kwamba "mwisho wa mstari" pekee hakutoshi, kwa sababu kunafunika tofauti ile ile ambayo msomaji anahitaji kuiona.