Busaa Yako, Leseni Yako

Bwana mkulima na bibi mkulima wa Muhoroni, Songhor na Koru, swali linaloletwa sana mezani petu si la mbolea, ni la busaa. Mtu amelima wimbi lake na mahindi yake. Kwa nini basi akamatwe akiuza kata moja ya pombe?

Jibu ni kwamba sheria haitazami nafaka imetoka shamba gani. Hutazama nani amepika na nani ameuza. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, haimruhusu mtu kutengeneza pombe ya kuuza bila leseni. Sheria hiyo ndiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980. Wengi walisikia nusu ya habari hiyo wakatoa mitungi nje. Nusu ya pili ni kwamba chang'aa halali ni ya mwenye leseni, iliyotiwa katika chupa yenye maelezo na onyo. Ile ya molasi inayopikwa kando ya mto haikuhalalishwa.

Kazi ya kutoa leseni ilipewa kaunti na Katiba ya 2010. Neno la chifu, hata akiwa shemeji yako, si leseni. Kabla ya kuomba, pima umbali: sheria ilikataza duka la pombe ndani ya mita 300 kutoka shule. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe, hata akisema ametumwa na baba.

Tena fanya hesabu. Busaa haikai, siku chache tu imeharibika, kwa hiyo huuzwa upesi, na mara nyingi kwa deni. Faini moja humeza karo ya mtoto.

Iko njia nyingine. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena mwaka 2019, nacho hutumia mtama kutengeneza Senator Keg. Anayeuza mtama hahitaji leseni ya pombe. Mtama aina ya Gadam hukomaa mapema, lakini ndege huupenda kuliko sisi, basi weka mlinzi. Kabla ya kupanda, hakikisha bei na mnunuzi vimeandikwa katika mkataba, nawe ubaki na nakala yako. Ukaushe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo. Gunia lenye unyevu hurudishwa, na nauli ya kulirudisha ni yako.