"PAPA, MIMI NIKO NATAKA KUWA PILOTI"

Mtoto aliyekomalia Birere ao Mapendo hakujifunza ndege katika kitabu. Alizisikia tangu mgongoni mwa mama yake. Zinapita juu ya mabati, chini sana, na watoto wanakimbia wakipiga kelele: "Avio! Avio!" Kisha siku moja kijana anarudi kutoka shule na kusema: "Papa, mimi niko nataka kuwa piloti." Baba anacheka. Mama anauliza: "Na feza zitatoka wapi?"

Papa, usicheke haraka. Na wewe kijana, usikasirike haraka. Ulizo la mama ni la haki, lakini si la kwanza. Tuyachukue moja moja.

UNAPENDA KAZI, AO UNAPENDA KOFIA?

Kuko vijana wanaopenda nguo nyeupe yenye mistari mabegani. Hiyo si kazi, ni nguo. Kazi ya piloti inaanza chini, mbele ya kupanda: kupima uzito, kuhesabu mafuta, kusoma hali ya hewa, kuangalia njia ya kurukia. Kiisha kuamua: tunaenda, ao hatuendi.

Hapa Goma hesabu hiyo si mchezo. Kiwanja chetu kiko kwenye urefu wa metre 1,550 hivi juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Mashine inapoteza nguvu, mabawa yanabeba kidogo, na ndege inaomba njia ndefu zaidi kuliko ingekuwa Matadi ao Mombasa. Na Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia hiyo. Kwa miaka mingi marubani walibaki na njia fupi.

Tunajua matokeo. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika soko la Birere. Watu wapata 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa wasafiri: walikuwa wanauza na kununua. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya kwenda Beni ilianguka Mapendo, juu ya nyumba za watu. Kule Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, ndege iliyobeba mzigo kupita kiasi iliingia sokoni karibu na kiwanja cha Ndolo. Waliokufa walipita 200.

Ninyi mnaoishi na machimbo mnaelewa. Mnakumbuka ndege ndogo zilizokuwa zikitua katika barabara kule Kilambo, Walikale, kubeba kasiteriti ya Bisie kuileta Goma. Kila kilo ni feza. Patroni anasema: "Ongeza tu mifuko miwili." Mwenye mzigo anabembeleza. Mvua inakuja. Hapo ndipo piloti anajulikana.

Basi, kijana, jiulize leo: unaweza kumwambia mkubwa "hapana", kwa heshima, hata kama unajua kesho atakufukuza kazi? Asiyeweza kukataa mifuko miwili, heri asishike usukani.

MWILI NA MASOMO

Sheria za dunia nzima zinaomba miaka 17 kwa leseni ya kwanza, ile ya kuruka bila malipo. Kwa leseni ya kulipwa zinaomba miaka 18 na saa 200 hivi za kuruka. Shule yenye ruhusa maalum inaweza kumaliza na saa 150. Kwa kuwa kapiteni wa ndege kubwa: miaka 21 na saa 1,500.

Kabla ya kulipa hata franga moja kwa shule, nenda kwa daktari aliyekubaliwa na serikali kupima marubani. Ataangalia moyo, masikio, macho, na kama unatofautisha rangi. Wengine wanafikiri kuvaa lineti kunafunga mlango. Hapana, macho yanayosahihishwa vizuri na lineti yanakubaliwa. Lakini kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani, heri ajue mapema, kabla baba hajauza shamba.

Shuleni, shika hesabu na fizikia. Na shika Kingereza. Sisi tulilelewa na Kifaransa, lakini tangu 2008 sheria inaomba piloti anayevuka mipaka apimwe ujuzi wake wa kusema lugha ya redio, na kwa inchi nyingi lugha hiyo ni Kingereza. Usingoje shule ya ndege. Anza leo, na rafiki, na redio, na kitabu cha zamani.

Na wewe binti unayesoma, usigeuze ukurasa. Irene Koki Mutungi wa Kenya alipata kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapiteni wa Boeing 787, mwaka 2014.

SASA, FEZA

Tusidanganyane. Fanya hesabu: kama saa moja ya kuruka ni dola 150, saa 200 ni dola 30,000. Bado chakula, nyumba, vitabu, mitihani, daktari. Shule ziko: Soroti kule Uganda, iliyoanzishwa 1971, Addis Ababa, zile za kiwanja cha Wilson, Nairobi. Hakuna ya bure.

Baba mchimbaji anaweza kusema: "Mwaka huu koltani imetoa, mtoto aende." Kumbuka mwisho wa 2000. Bei ilipanda kama moshi, watu wakaacha mashamba, 2001 ikaanguka. Masomo ya ndege yakikatika katikati, saa ulizoruka hazikupi kazi. Kwa hiyo usianze na feza ya musimu mmoja.

Fanyeni hivi:
– Ulizeni Mamlaka ya Anga ya Kinshasa kama leseni ya shule ile itakubaliwa kwetu.
– Ombeni karatasi inayoonyesha bei yote: saa ngapi, mafuta, mitihani.
– Lipeni kidogo kidogo, kadiri masomo yanavyoendelea. Msilipe yote siku moja.
– Anayekuahidi kazi kabla hujaruka hata saa moja, mkimbie.

Na mjue: leseni mpya si kazi. Makampuni mengi yanataka mtu mwenye mamia ya saa. Tena, tangu 2006 makampuni ya ndege ya Kongo yamekatazwa kuruka Ulaya kwa sababu ya usalama. Vita navyo vinafunga viwanja. Tuliona Goma Januari 2025.

MILANGO MINGINE

Ndege moja inaruka kwa mikono mingi. Kuko fundi wa mashine, anayeongoza ndege kwa redio, mpima hali ya hewa. Masomo hayo yanaomba feza kidogo kuliko kuruka. Fundi anaweza kuweka akiba na kurudi katika ndoto yake akiwa na miaka 28, hajachelewa. Akibaki fundi, hajashindwa. Piloti analala usingizi kwa sababu ya fundi mwaminifu.

KWA WAZAZI

Mama, papa, hesabuni watoto wote. Kama masomo ya mmoja yatawaondoa watano darasani, waiteni wote waketi, mseme wazi. Mtoto akielezwa, anaweza kungoja. Akichekwa, anaficha, na siku moja anafuata mwongo wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Zungumzeni nyumbani na katika kikundi cha vijana:
1. Nani kati yetu alishakataa jambo baya mbele ya mkubwa? Lilimgharimu nini?
2. Feza za machimbo zikija, tunaweka ngapi kwa masomo?
3. Ndege inapopita juu ya nyumba yetu, tungependa iongozwe na mtu wa namna gani?

Kijana, ukilijibu hilo la tatu, anza kuwa mtu huyo sasa, ungali chini.