Banda la Kuku la Kuhamishwa

Kila mfugaji ajua kazi ya tenga. Kuku akiisha kuangua, mwenyewe humfunika pamoja na vifaranga vyake ili mwewe asiwanyakue, na kesho yake huliinua tenga na kuliweka mahali palipo safi. Basi banda lielezwalo hapa si kitu kigeni. Ni tenga kubwa la fito na wavu wa waya, nalo huchukuliwa na watu wawili kama machela.

Kwa nini lihamishwe? Kuku akaaye mahali pamoja hula juu ya mavi yake mwenyewe. Ndani ya mavi hayo mna mayai ya minyoo, na vijidudu viletavyo kuhara damu. Vijidudu hivi vikitoka tumboni mwa kuku haviwezi kudhuru papo hapo. Vyahitaji siku moja au mbili za joto na unyevu vipate kukomaa. Ukilisogeza banda kila siku asubuhi, kuku wako watakuwa wameondoka kabla ya hapo. Shamba nalo litapata fungu lake, maana kuku wakubwa 8 hutoa mavi yapatayo kilo 1 kwa siku. Lipitishe banda juu ya shamba lililovunwa, mstari kwa mstari. Usilipitishe penye miche michanga, kwa kuwa mavi mabichi huiunguza, wala penye mboga ziliwazo mbichi.

Kwa kuku 8 latosha banda lenye urefu wa futi 8, upana futi 4 na kimo futi 3. Theluthi yake iwe na kuta za mbao au mabanzi, na paa la makuti au nyasi. Humo mwekwe kitulio cha kulalia na kiota cha kutagia, na sakafu ya fito zilizokaribiana. Sehemu iliyobaki iwe ya waya, juu na pande zote, bila sakafu. Fito mbili ndefu zitokeze mbele na nyuma ziwe mikono ya kuchukulia.

Hapa ndipo penye shida, nawe uifikirie kabla ya kukata mti wa kwanza. Banda zito halihamishwi: mwenyewe atalisogeza juma moja, kisha ataliacha, na faida yote itapotea. Banda jepesi nalo lina adui wake, yaani upenyo ulio chini. Kila uhamishapo banda, ukingo wake hukutana na ardhi mpya, na ardhi haifanani. Katika miteremko kama ya Usambara au Taita, pembe moja hugusa chini na ya pili huning'inia. Palipo na nafasi ya kupitisha kichwa cha kanu, mwili wake nao utapita. Kwa hiyo jioni, kabla jua halijatua, lizunguke banda, upapase ukingo kwa mkono, na penye upenyo uzibe kwa jiwe au udongo. Kwa nguchiro na mbweha wafukuao, funga ukanda wa waya wenye upana wa futi 1 kuzunguka banda, ulale chini kuelekea nje, uzuiwe kwa mambo. Mnyama huanza kufukua pale pale chini ya ukuta, naye hukuta waya. Siku ya kuhama, ng'oa mambo na uukunje ukanda juu.

Tena angalia waya wenyewe. Wavu wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kila mnyama asiingie. Futi 2 za chini ziwe na wavu wa matundu ya nusu inchi, ingawa bei yake yauma. Mlango uwe na komeo, si kamba. Nyegere ana nguvu za kubandua mbao. Penye nyegere, na kuku walale katika nyumba imara, banda liwe la mchana tu.

Mchana adui ni mwewe, kenge na nguchiro. Usiku ni kanu, paka pori, na mbwa wa jirani ambaye mwenyewe huapa kuwa hajapata kuonja kuku. Mayai yakitoweka bila kuacha maganda, mshuku nyoka au kenge. Sumu usitege: itaua mbwa wako, yaweza kumpata mtoto, na sheria za wanyamapori za Kenya na Tanzania zaikataza. Tena kanu huyo hula panya wako.

Siafu ni shauri jingine. Wao hawazuiwi na waya wala komeo, na kuku aliyefungiwa hawezi kuwakimbia. Banda lililomlinda na kanu huwa mtego wake. Kwa sababu hii banda lilale usiku mahali ambapo sauti ya kuku yaweza kusikika nyumbani. Ukisikia kelele, usikawie kutafuta kisa: fungua mlango kuku watoke, kisha libebeni banda hata ng'ambo ya uwanja. Majivu ya moto humwagwa katika njia ya siafu, lakini kuku kwanza.

Hata hivyo, banda hili halizuii kideri, ambacho huja kwa hewa, kwa viatu na kwa kuku wageni. Kwa kideri iko chanjo ya tone la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Wachanje kuku wazima tu. Jioni, wakiwa kwenye kitulio, ni rahisi kuwashika.